Mlima Hutoa Mbio Bure, Breki Utengeneze Mwenyewe

Likizo zikiwadia, mabasi na matatu kutoka Nairobi, Nakuru na Kisumu huteremsha watoto wa mjini katika vituo vya Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet. Wanakuja kwa kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Siku ya kwanza ni ya kuonja mursik na kulalamikia baridi. Siku ya pili ni ya kuzurura mashambani na binamu zao. Ikifika siku ya tatu, wamekwisha kuonyeshwa vigari vya mbao, na hapo nyumba huwa haina mtoto tena mpaka jua litue.

Mzazi aliyelelewa katika nchi ya vilima hahitaji kuelezwa kigari cha mbao ni kitu gani. Ni ubao mmoja mrefu wa kukalia, ekseli mbili za mti, na magurudumu manne yaliyokatwa kutoka gogo la mkaratusi, au beringi kuukuu zilizotupwa na mafundi wa gereji. Usukani ni kamba iliyofungwa kwenye ekseli ya mbele. Injini hakuna, petroli hakuna. Kigari hukokotwa hadi juu ya kilima kwa jasho, kisha huteremka chenyewe kwa raha.

Nchi ya chai ni kama iliumbwa kwa ajili ya mchezo huu. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Bomet ni tuta baada ya tuta, kila moja likiteremka hadi mtoni. Njia za murram zinazopita kati ya mashamba ya chai ni ndefu na zimeinama vizuri. Vijana wawili wakiwa na vigari viwili, mashindano yamepatikana.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo watoto wengi hulisahau, nasi wazazi hatuliulizi, nalo ni kukijaribu kigari kabla ya siku ya mashindano. Kukijaribu si kukipanda mara moja ili kuona kama kinakwenda. Kitu chochote chenye umbo la duara kikiwekwa mlimani kitakwenda, hata kopo tupu la maziwa. Linalotupasa kujua ni kama kigari hicho kitasimama, kitasimama wapi, na kitasimama mara ngapi kabla ya kitu kuvunjika.

HESABU YA MTEREMKO

Mwanafunzi wa fizikia atanisaidia hapa. Chukua kigari kinachoteremka kimo cha mita 5. Sisemi urefu wa njia. Nasema tofauti kati ya mahali pa juu kilipoanzia na mahali pa chini kilipofika. Kama kusingekuwa na msuguano wowote, kigari hicho kingefika chini kwa mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kimo kikiwa mita 10, mwendo unakuwa kama mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ambayo sheria ya Kenya huyataka magari yasiipite yakiwa mjini. Sasa mfikirie mtoto wa darasa la sita akiwa na kasi hiyo juu ya ubao, hana mkanda, hana mlango, na mbele yake kuna daraja la miti.

Ni kweli kwamba msuguano upo. Ekseli husugua, changarawe huzuia, na upepo nao hupinga. Kigari cha kawaida hakifikii hesabu hiyo. Lakini kumbuka kwamba kazi yote ya mtoto anayetaka kushinda ni kuupunguza msuguano huo. Kila akipaka grisi na kila akilainisha gurudumu, anasogea karibu na zile kilomita 36 au 50. Fundi akiwa hodari zaidi, hatari nayo huzidi, isipokuwa ustadi huo uwe umetumika kwenye breki pia.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi huikosea. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili bali mara nne. Kigari kinachosimama kwa hatua 4 kikiwa na mwendo mdogo kitahitaji hatua 16 kikienda kwa mwendo maradufu, na hatua 36 kikienda kwa mwendo mara tatu. Tena hizo ni hatua za mahali tambarare. Ukishika breki ungali mteremkoni, mlima unaendelea kukuvuta huku wewe ukijizuia, na hatua huzidi hapo.

Ya tatu ni habari ya uzito. Watoto hubishana sana kama mtoto mzito hushinda wepesi. Mwitaliano Galileo alionyesha zamani kwamba uzito peke yake haufanyi kitu kianguke upesi zaidi. Katika vigari, hata hivyo, kuna upepo, na upepo humsumbua mwepesi kuliko mzito. Basi vigari vikilingana katika mambo mengine, mzito hutangulia kidogo. Lakini uzito huo huo ndio utakaokudai ukitaka kusimama. Wale wanaofunga mawe chini ya ubao ili wapate mbio wajue kwamba wanaipa breki kazi zaidi.

WATU WA GOMA WANAVYOFANYA

Asidhani mtu kwamba chombo cha mbao ni kitu cha kitoto. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, wanaume wazima hulisha familia zao kwa chombo kinachoitwa chukudu. Ni kama baiskeli isiyo na kanyagio wala kiti, yenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Dereva huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Chukudu hubeba mamia ya kilo za viazi, kabeji na makaa. Mizigo mingi hutoka nyanda za juu, upande wa Kibumba, na kuteremka hadi mjini kwa nguvu za mlima tu. Goma wanaiheshimu kazi hii kiasi cha kuijengea sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara.

Ukiitazama chukudu vizuri, utaona nyuma kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu. Hiyo ndiyo breki yake. Mtu mwenye gunia za viazi zenye uzito wa watu watatu au wanne hawezi kuteremka kwa kutegemea kisigino. Anajua kwamba asiposimama, atapoteza mali na pengine mguu. Kwake yeye, breki ni sehemu ya biashara.

Watoto wetu wengi hutegemea kisigino. Huteremka wakiwa wamenyoosha miguu mbele, na wakitaka kusimama huburuta viatu mchangani. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, hilo hufaa. Kwa mwendo wa baiskeli, mguu hunaswa na jiwe au hupita chini ya ekseli, na kifundo hugeuka. Kisigino si breki. Kigari ambacho hakina breki nyingine kihesabiwe kuwa hakijakamilika, hata kama kimepakwa rangi na kuandikwa jina ubavuni.

Breki nzuri ni rahisi kutengeneza. Chukua mti imara wa kuwa wenzo, ufunge kwa bolti nyuma ya kiti, na upigilie kwenye ncha yake kipande cha mpira wa tairi. Ukivutwa, mpira uyakandamize magurudumu ya nyuma, yote mawili kwa pamoja. Breki inayoshika gurudumu moja tu hukigeuza kigari badala ya kukisimamisha, na dereva hujikuta ametazama alikotoka.

MAJARIBIO MATANO

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mzazi, mjomba au kaka mkubwa asimamie, lakini mikono inayofanya kazi iwe ya mtoto. Kila jaribio lifuate mwenzake, na lisilofaulu lirudiwe kabla ya kuendelea.

Jaribio la kwanza hufanywa uani, kigari kikiwa kimepinduliwa magurudumu juu. Zungusha kila gurudumu kwa mkono na uhesabu sekunde hadi lisimame. Kama matatu huzunguka kwa sekunde 15 na moja kwa sekunde 5, hilo moja linasugua mahali. Litafute kosa lake kabla ya kufikiria grisi. Halafu livute kila gurudumu kwa nguvu kuelekea nje. Likitoka mkononi mwako litatoka njiani pia. Usukani ushikwe kwa bolti, usishikwe kwa msumari. Msumari hulegea kwa mtikisiko, lakini bolti yenye nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine hukaa.

Jaribio la pili ni la unyofu. Weka usukani sawa, kisha pima kwa futi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, upande wa kulia na upande wa kushoto. Vipimo vilingane. Kisukume kigari mahali tambarare bila mtu, ukiachilie, ukitazame. Kikipinda kabla ya hatua kumi, hakijanyooka. Kupinda huko kunachekesha uwanjani, lakini katikati ya kilima ndiko kunakompeleka dereva mtaroni. Pigilia pia vipande viwili vya mbao vya kuizuia ekseli ya mbele isigeuke kupita kiasi. Kigari kinachokata kona ghafla hupinduka, hata dereva awe shujaa namna gani.

Jaribio la tatu ni la gunia. Abiria wa kwanza wa kigari asiwe mtoto, awe gunia la mchanga lenye uzito kama wake. Debe moja la mchanga mkavu hukaribia kilo 30, kwa hiyo si vigumu kukadiria. Lifunge barabara juu ya kiti. Funga kamba ndefu nyuma ya kigari, mtu mzima aishike, na mkiteremshe polepole mahali penye mabonde madogo na mawe. Kisha lishusheni gunia na mkague ekseli moja moja. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuikataa ekseli hiyo. Ni heri mti uvunjike chini ya mchanga kuliko chini ya mtoto.

Jaribio la nne ni la breki, nalo ndilo kubwa. Tafuta mteremko mfupi unaoishia kwenye tambarare au, bora zaidi, kwenye mwinuko mdogo. Chora mstari kwa jivu pale tambarare inapoanzia. Dereva aanzie hatua 5 tu juu ya mstari, ashike breki anapoufikia, kisha zihesabiwe hatua kutoka mstari hadi aliposimama. Arudie mara tatu. Halafu aanzie hatua 10, tena mara tatu. Halafu 20. Katika kila mara tatu, andika lililo baya kuliko yote. Watoto hupenda kuandika zuri na kusema lile jingine lilikuwa la bahati mbaya. Lakini siku ya mashindano ndiyo siku ya bahati mbaya kuja. Uwanja wa kusimamia uwe na urefu angalau mara mbili ya hatua mbaya kuliko zote zilizoandikwa.

Breki ikifaulu ikiwa kavu, imwagieni maji na mrudie. Mpira uliolowa huteleza juu ya mti uliolowa, na hatua zinaweza kuongezeka sana. Afadhali mtoto alijue hilo akiwa amekwenda hatua 5 kuliko akiwa amekwenda 100.

Jaribio la tano ni la dereva mwenyewe. Akiwa na helmeti inayomtosha, viatu vya kufunika vidole na nguo za mikono mirefu, apande kilima cha mashindano kidogo kidogo. Aanzie robo ya njia, kisha nusu, kisha robo tatu. Sheria iwe moja: asiyeweza kusimama mara tatu mfululizo pale anapotakiwa hapandi juu zaidi siku hiyo. Na helmeti ya bodaboda inayocheza kichwani mwa mtoto kama sufuria haimsaidii. Ile ndogo ya baiskeli inayomkaa vizuri ni bora kuliko kubwa ya baba.

Yote hayo yaandikwe daftarini: siku, njia kavu au nyevu, alianzia wapi, alisimama baada ya hatua ngapi, na kitu gani kilibadilishwa. Neno la muhimu hapo ni kitu, si vitu. Ukibadilisha magurudumu, grisi na kiti kwa siku moja, kisha kigari kikaenda vibaya, hutajua ni kipi kilichokiharibu. Badilisha kimoja, jaribu, andika. Mwanafunzi aliyefanya hivyo likizo nzima amejifunza sayansi kuliko aliyekariri kurasa kumi.

MAHALI NA SAA

Kigari kizuri mahali pabaya ni kibaya. Barabara ya lami si ya mchezo huu, hata ikiwa tupu. Watu wa Kericho hawahitaji kukumbushwa mteremko unaweza kufanya nini. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipoteza mwelekeo mlimani karibu na Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia watu na magari katika njiapanda ya Londiani, na watu 52 wakapoteza maisha. Walikuwemo wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki kando ya barabara. Katika barabara kama hizo, gari kubwa lenyewe linahangaika. Dereva wake hawezi kumwona mtoto aliyekaa sentimita 30 kutoka ardhini.

Njia za mashamba ya chai nazo zina wenyewe. Trekta na malori ya kubeba majani mabichi hupita kutoka vituo vya kupimia hadi kiwandani, na kona nyingi zimefichwa na michai. Kama njia si ya kijiji, iombeni kwa wenyewe, na awepo mtu mzima kila kona mwenye kitambaa cha kupunga. Uwanja wa shule wenye mteremko wa nyasi ni bora kuliko njia yoyote, maana nyasi hupunguza mbio na humpokea anayeanguka.

Kuna jambo ambalo mtoto wa mjini hawezi kulijua kwa macho. Akitazama shamba la chai kutoka mbali, anaona godoro la kijani lililolala juu ya kilima. Atajiambia kwamba akishindwa kusimama ataingia mle na kuangukia mahali laini. Si hivyo. Mchai ni mti, na ungeachwa ungekuwa mrefu. Hupogolewa kila baada ya miaka michache na kuchumwa juu kila mara ili uwe sawa kama meza. Chini ya yale majani mawili na kichomozi yanayopendeza kuna matawi magumu, mengi yakiwa yamekatwa kwa panga na kubaki na ncha. Anayeingia humo kwa kasi hupokewa na vigingi. Mtoto wa huko analijua hilo, na amwambie binamu yake mapema. Mwisho wa njia wekeni tairi kuukuu, au magunia yaliyojazwa nyasi kavu.

Saa nayo ni muhimu. Kericho ni nchi ya mvua za alasiri. Asubuhi huwa na jua safi, kisha mchana mawingu hukusanyika, na jioni mvua hunyesha, mara nyingine mvua ya mawe inayoyachanachana majani ya chai. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Basi majaribio na mashindano yawe asubuhi. Tone la kwanza likianguka, vigari virudi nyumbani, na asiwepo wa kuomba zamu ya mwisho.

YALIYOWAPATA WA MAREKANI

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa mashindano ya taifa kwa miaka mingi, na tunaweza kujifunza kwao kwa mazuri na kwa mabaya. Mwaka 1933, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, mpiga picha wa gazeti aliyeitwa Myron Scott aliwaona wavulana wakishindana kwa vigari walivyojitengenezea. Akaandaa mashindano. Mwaka 1934 yakawa ya nchi nzima, na mwaka 1935 yakahamia mji wa Akron, jimbo hilo hilo. Huko Akron, mwaka huo huo wa 1935, kigari kimoja kiliacha njia na kumgonga mtangazaji mashuhuri wa redio, Graham McNamee, aliyekuwa akiwasimulia wasikilizaji mashindano. Mwaka uliofuata uwanja maalumu wa mteremko ukafunguliwa. Ukiandaa mashindano ya kijiji, fikiria pia watazamaji watasimama wapi. Wasimame upande wa juu wa njia, na kamwe wasisimame mwisho wake.

Jambo la pili lilitokea mwaka 1973. Mvulana wa miaka 14 kutoka Boulder, jimbo la Colorado, alishinda, kisha ikagunduliwa kwamba puani mwa kigari chake mlifichwa sumaku ya umeme. Kile kizuizi cha chuma cha kuanzia kilipoanguka mbele, sumaku ilikivuta kigari na kukipa mbio za mwanzo. Ushindi ukafutwa. Aliyekuwa nyuma ya jambo hilo ni mtu mzima, jamaa yake aliyekuwa akimlea.

Nalitaja hilo kwa sababu tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa hapa Kenya, sisi wazazi tumezoea kuwafanyia watoto kazi za mikono. Mtoto huagizwa atengeneze kitu, baba hutengeneza, mtoto hubeba. Kigari kikitengenezwa hivyo, mtoto hakijui. Hajui bolti ipi iliwahi kulegea wala breki ilisimamisha kwa hatua ngapi. Mpe msumeno, msimamie, mwache akosee uani ambako kukosea ni rahisi. Na binti asiambiwe kwamba huo ni mchezo wa wavulana. Huko Akron wasichana waliruhusiwa mwaka 1971, na mwaka 1975 msichana, Karren Stead, akawashinda wote.

FUNDI KWANZA, DEREVA BAADAYE

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa dereva wa mashindano alikuwa fundi wa magari, mtu wa spana na grisi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa gari aina ya Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Safari ya siku hizo ilikuwa ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi, na magari mengi yaliyoanza hayakumaliza. Wengi walikuwa na mbio. Yeye alikuwa na mbio pamoja na sikio la fundi, linalosikia kitu kinachoanza kulegea kabla hakijakatika.

Mzazi mwenzangu, usikataze mchezo huu. Mtoto aliyekatazwa hutafuta kilima ambacho hukioni. Mwanao akikuambia, "Baba, tumemaliza gari, tunaweza kushindana kesho?" usimwulize linakwenda mbio kiasi gani. Mwambie, "Hebu niletee daftari." Kama hakuna daftari, hakuna mashindano kesho. Kama lipo, lisome naye ukurasa kwa ukurasa, kisha mfuatane hadi uwanjani akakusimamishie kigari mara tatu mbele ya macho yako. Akifaulu, shika kamba umsaidie kukipandisha.

Nanyi vijana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika mchezo huu methali hiyo si fumbo. Tukutane Jumapili ijayo.